Watoto Wawili wa Kapteni

Gloria alipopewa maiki kwenye sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, mwezi uliopita, mimi nilikuwa nimekaa meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Nilijichagulia mwenyewe meza hiyo. Tangu asubuhi, njia nzima kutoka Euless, karibu na Dallas, nilikuwa nimejiuliza kama ilikuwa sawa mimi kualikwa, na kama ilikuwa sawa kukubali, na kama nikikaa mbele watu watafikiri nini, na kama nikikaa nyuma watafikiri nini pia. Ukumbi uko Alief, Houston, kwenye jengo refu la matofali lenye duka la vyakula vya Kiafrika upande mmoja na fundi simu upande wa pili. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limejaa kwenye vioo, na harufu ya dagaa wa duka la jirani ilikuwa inapita ukutani na kukutana na pilau yetu. Gloria akafanya utambulisho kama unavyofanywa nyumbani: unamtaja ndugu, anasimama, watu wanapiga makofi, anakaa. Akaanza na mama yake. Akamtaja mdogo wake Godi, ambaye alinyanyuka nusu na kukaa tena kama mtu aliyekosea kiti. Halafu akasema, "Na huyu ni dada yetu mkubwa, wa kwanza kwa baba. Dada Stella, simama wakuone." Stella akasimama. Vigelegele vikapigwa. Mimi nilikuwa na kipande cha kuku mdomoni na nikakimeza bila kukitafuna, kwa sababu miaka saba iliyopita nilisimama mbele ya nusu ya watu hawa hawa, nikiwa na karatasi mkononi, nikawasomea kwamba baba yake Gloria aliacha watoto wawili.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa naishi kwa mama mdogo Felista, Euless, kwenye fleti iliyo karibu sana na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikishuka vijiko vilikuwa vinagonga kwenye glasi. Mama mdogo ni nesi. Alikuwa anatoka alfajiri, anarudi jioni na viatu mkononi, ananikuta palepale aliponiacha, kwenye meza ya kulia chakula, katikati ya karatasi. Nilikuwa nasoma shahada ya pili ya historia, na maisha yangu yote yalikuwa ya mtu mmoja: Kanali Ambrose Hallowden, Mwingereza wa karne ya kumi na saba, afisa katika jeshi la Bunge wakati Waingereza walipopigana wenyewe kwa wenyewe, kisha mbunge, kisha, mfalme mpya aliporudi, mtu aliyejua kuinama mapema kuliko wenzake. Hakuwa mtu mashuhuri. Mashuhuri walishaandikwa na watu wenye akili kuliko mimi. Yeye alikuwa amebakiza barua mia na kitu, hotuba mbili za bungeni zenye kuchosha, na kitabu kidogo cha maisha yake kilichoandikwa na mkwewe mara baada ya mazishi. Mama mdogo alikuwa anamwita "mzungu wako". Wageni wakija wakauliza nasomea nini, alikuwa anajibu kwa niaba yangu, "Huyu? Anasomea marehemu."

Mgeni wetu wa kila Jumapili alikuwa Kapteni. Ibada yetu ya Kiswahili ilikuwa saa nane mchana, kwenye kanisa la kuazima, baada ya wenyeji kumaliza ya kwao, na ikiisha Kapteni na mkewe, Mama Gloria, walikuwa wanakuja kwetu kunywa chai. Wanawake walikuwa wanaingia jikoni kuongelea zamu za hospitali na kukaanga mihogo ya kugandishwa, na Kapteni alikuwa anavuta kiti mezani kwangu bila kuuliza. Nyumbani alikuwa amestaafu jeshi kwa cheo hicho, akawa diwani kipindi kimoja, akashindwa kipindi cha pili, akamfuata mkewe Texas. Huku alikuwa anaendesha basi dogo la kupeleka abiria kutoka maegesho ya magari hadi uwanjani. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kukaguliwa, na alikuwa anakunywa chai ya tangawizi bila sukari huku akilalamika kwamba haina sukari. Siku ya kwanza alichukua barua moja ya Kanali niliyokuwa nimeitafsiri kwa ajili ya kujifurahisha, akaisoma yote, akaiweka chini. "Anaomba viatu," akasema. Nikamwambia ndiyo, barua thelathini hivi ni za kuomba viatu. Akasema kila jeshi duniani linaomba viatu. Akauliza kama huyu mtu baadaye alikuwa diwani. Nikasema mbunge. "Ahaa. Basi huyo ni mimi, ila alishinda kura."

Toka siku hiyo tukawa tunasoma pamoja. Nisingeweza kusema hivyo chuoni, lakini nusu ya yale niliyoyaelewa kuhusu Kanali niliyaelewa kwa Kapteni. Palipoandikwa kwamba askari wake wana moyo mkuu, mimi niliweka alama pembeni: uzalendo. Kapteni akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia afisa akisifia moyo wa askari, jua ghala halina kitu. Hotuba za bungeni alizisoma kwa sauti, mkono mmoja nyuma ya mgongo, mama mdogo akamwambia kutoka jikoni ashushe sauti, hapa si kwenye kampeni. Na alimtetea. Mimi nilikuwa namhukumu Kanali kwa kubadili upande mfalme aliporudi. Yeye alisema mtu mwenye watoto hawezi kuwa shujaa kila mwaka.

Kuhusu watoto hao, mwezi wa kumi na mbili nilipata kitu. Kitabu cha mkwe kilisema marehemu ameacha watoto wawili. Lakini kwenye nakala ya daftari la ubatizo la parokia yake, niliyoikuza kwenye kompyuta mpaka macho yakaniuma, walikuwa watatu. Wa tatu aliitwa Judith, na ndiye aliyekuwa mkubwa. Nikarudi kwenye barua, nikamwona kila mahali, chini ya herufi moja tu: J. ametuma jibini. J. anaendeleaje na mguu. J. asiambiwe. Alikuwa hai baba yake alipokufa, na mkwe alimwacha nje ya kitabu. Jumapili iliyofuata nilimweleza Kapteni haya yote kwa haraka, chai ikinipoa, nikamwambia sasa nina tasnifu: nitauliza nani alimfuta binti huyu na kwa nini, na nitamtaja aliyemfuta kwa jina. Nilitegemea atacheka. Alizungusha kikombe kwenye sahani yake, mara moja, mara mbili. Akauliza, taratibu, kama huko kwao mtu akishaachwa kwenye kitabu anaweza kurudishwa. Nikasema ndiyo maana nasoma. Wiki iliyofuata akaniambia amesikia kile kitabu cha mkwe kina nakala halisi kwenye maktaba moja ya Houston, na kwamba yeye Jumamosi anakwenda huko kumwona rafiki yake wa jeshini, nikitaka naweza kupanda.

Rafiki wa jeshini alikuwa Stella. Nililijua hilo mlango ulipofunguliwa, kwa mabega. Fleti yake ilikuwa Alief, ghorofa ya pili, sebule yenye kochi moja na mashine ya kushonea, na kwenye meza palikuwa na wali, maharage ya nazi na dagaa wa kukaanga na pilipili. Alikuwa mkubwa kwa Gloria miaka kumi na nane, anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, amekuja Marekani kwa njia zake mwenyewe. Alimwamkia baba yake shikamoo akiwa amepiga goti kidogo, kisha papo hapo akamgombeza kwa kuvaa soksi zisizofanana. Kapteni alikula sahani mbili. Mimi nilikaa nikiangalia dagaa wangu, nikifikiria kama nisalimie kama mgeni au kama ndugu, nikaishia kusalimia mara mbili. Stella aliniuliza juu ya masomo, na baba yake akajibu kabla yangu, akamweleza habari za Kanali na binti yake anayetuma jibini, akamweleza vizuri kuliko nilivyozieleza mimi chuoni. Hakusema kwamba binti huyo aliachwa nje ya kitabu. Hilo aliliruka.

Tulisimama katikati ya safari kurudi, kwenye kile kituo kikubwa cha mafuta ambacho kila mtu wa Dallas anasimama. Alinunua kahawa, akaja akakaa kwenye gari bila kuwasha. Akaniambia Stella alizaliwa yeye akiwa kambini, kabla ya ndoa, na mama yake binti aliolewa kwingine. Mama Gloria hajawahi kumuuliza naye hajawahi kusema, na kila mwaka unaopita jambo linakuwa zito zaidi, kama gunia lililoachwa kwenye mvua. Kisha akasema: "Nyie mnaoandika marehemu ndio mnabaki na neno la mwisho. Siku yangu ikifika watakuita wewe, nawajua watu wetu. Sikuombi ueleze kitu. Andika watatu, basi."

Nikasema, "Sawa, baba." Mimi ninayetumia dakika ishirini kujibu ujumbe wa kuulizwa nimeamkaje, nilijibu hapohapo.

Alifariki mwezi wa nne, siku ya kazi, akiwa amesimama kusubiri basi lake lioshwe. Moyo. Nyumba yao ilijaa watu wenye masufuria ya vyakula. Ikaamuliwa azikwe hukuhuku, kwa kuwa mke na watoto wako huku, na jioni ya siku ya pili mwenyekiti wa kamati ya mazishi akatazama chumbani akasema wasifu wa marehemu aandike Oliva, si ndiyo fani yake. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wasomaji wangu wengi wanajua, lakini niseme kwa vijana waliokulia huku: wasifu haubaki karatasi tu. Ukishasomwa, mshereheshaji anaufuata huohuo kuwaita watu kuweka maua kaburini. Mjane. Watoto. Wajukuu. Ndugu. Majirani na marafiki. Ambaye hayumo kwenye wasifu hana mahali pa kusimama.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Gloria na daftari. Alikuwa amekaa kitandani, khanga begani, mlango wazi, wanawake wawili wanaosha vyombo jikoni. Aliniambia mwaka wa kuzaliwa, kijiji, shule aliyofundisha kabla ya kuingia jeshini, kwaya, sauti ya nne, ile ya besi. Aliongea vizuri, bila kulia. Nikafika kwenye mstari wa watoto. Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia ni ndogo, watoto niandikeje. Alikunja upindo wa khanga, akaukunjua. Akasema, "Wewe ulikuwa unaongea naye sana. Andika unavyojua." Kisha akaendelea na tarehe ya ndoa.

Nimelitafakari jibu lile kuliko barua yoyote ya Kanali. Siku ile, kwenye ngazi, nililisikia kama onyo. Kwenye gari nikamweleza mama mdogo kila kitu, Houston, Stella, kahawa, ahadi. Aliendesha mpaka taa nyekundu ndipo akaongea. Alisema wasifu si tasnifu. Alisema anafanya kazi wodi moja na yule mama, na mtu hapewi habari kama ile mbele ya jeneza na kanisa zima. Alisema, "Andika wawili mwanangu, ya Houston yatajijua." Nilikuwa nataka mtu aniambie hivyo, nadhani ndiyo sababu nilimweleza. Lakini nisimsingizie. Nilikaa na ile karatasi siku nzima, na nikaona njia ya tatu: kuandika "ameacha mjane na watoto", bila idadi, na kwenye orodha ya maua "watoto", bila majina. Neno moja lingetosha, na Stella angeweza kusimama ndani yake. Niliandika hivyo. Kisha nikafikiri, je, Mama Gloria akiona nimekwepa idadi, si atajua kwamba najua? Je, akiuliza kwa nini? Nikajiogopea mimi mwenyewe, si yeye. Nikarudisha kalamu nikaandika wawili, Gloria na Godi, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaandika majina yao hadi kwenye orodha ya maua.

Stella aliendesha gari kutoka Houston peke yake. Nilimwona nilipofika aya ya pili, mstari wa nyuma, gauni la bluu, simu ameishika kifuani. Ningeweza kubadilisha palepale. Watu husema hivyo, "ningeweza", kana kwamba ni kitu kigumu. Kilikuwa ni silabi chache. Nilisoma wawili. Nilisoma vizuri, sauti haikutetemeka, watu waliniambia baadaye. Makaburini mshereheshaji akaita mjane, akaita Gloria na Godi, kila mmoja na waridi moja. Akaita ndugu. Akaita wazee wa kanisa, wafanyakazi wenzake wa uwanja wa ndege, na mwisho, kwa sababu aliona kundi limebaki, akasema, "Na marafiki wa kutoka Houston." Lilikuwa kundi la mtu mmoja. Alitembea kwenye nyasi na ua lake, akalitupa, akasimama muda mrefu kidogo kuliko marafiki wanavyosimama, akaondoka kabla ya chakula.

Baada ya wiki mbili nilitetea tasnifu yangu. Profesa mmoja, mama mpole, aliniuliza kama sikuwa mkali mno kwa yule mkwe. Pengine alilazimishwa, pengine aliombwa. Nilikuwa nimemwita mwoga, kwa neno hilohilo, ukurasa wa themanini na moja. Nikamjibu kwamba aliyeshika kalamu ndiye aliyeandika. Walilipenda jibu hilo. Nilifaulu kwa sifa, mama mdogo akapika, na nikakaa mezani pale Kapteni alipokuwa anakaa nikala nikashiba. Tasnifu iko kwenye maktaba mpaka leo. Mwaka juzi niliandika kuuliza kama naweza kubadilisha neno moja, wakasema hapana, kilichowekwa kimewekwa.

Nilipata kazi kwenye kampuni ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, na nikaacha kwenda ibada ya saa nane, kila wiki kwa sababu mpya. Habari nilikuwa naletewa na mama mdogo: Godi alikuwa akifuta picha kwenye simu ya marehemu baba yake, akamkuta mwanamke mwenye mabega yao, akatafuta namba yake humohumo, akapiga. Gloria akapata kazi Houston, akahamia maili tatu kutoka kwa Stella. Nilifurahi. Pia niliona nimepona, kama mtu aliyevunja sahani kisha akaambiwa ilikuwa ya zamani.

Siku ya sendofu, baada ya utambulisho, nilikimbilia jikoni kujifanya nasaidia. Mama Gloria alikuwa huko na foili, anafunga pilau ya watu wa mbali. Nikaanza kukata foili naye. Alisema, bila kunitazama, kwamba anafurahi nimekuja. Kisha akasema kile ambacho sikukitegemea. Alisema alijua habari za Stella tangu mwaka wa pili wa ndoa. Mtu wa kijijini alimwambia. Alisubiri mume wake aseme, hakusema, naye kinywa kikawa hakiwezi kuanza.

"Ndiyo maana nilikuachia wewe," akasema. "Nikasema karatasi ikisema watatu, nitainamisha kichwa tu, itakuwa imesemwa. Uliposoma wawili nikajua hakukwambia. Na kama hakukwambia hata wewe, basi huenda hakuwa na uhakika kama ni wake. Nikakaa hivyo. Godi alipompata, mimi nilikataa kumwona mwaka mzima." Akafunga pembe ya foili, akaifunga tena. "Alikwambia?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ndiyo kazi yangu, kuwa na majibu mengi. "Aliniambia," nikasema. "Aliniambia niandike watatu."

Mikono yake ilisimama. Nje walikuwa wameanza kucheza, viti vinavutwa. Akanisukumia kifurushi. "Hiki mpelekee Felista," akasema. "Kingali cha moto."

Nilitoka na kile kifurushi kimenibana kifuani. Nilimfikiria mkwe wa Kanali, ambaye sitamjua kamwe. Pengine naye alimwuliza mtu aliyekaa kitandani, pengine naye aliambiwa aandike anavyojua. Nikafikiria pia kwamba watu waliomsoma, nami nikiwemo, tulihesabu wawili tukaanza kumkadiria Judith alikuwa na kosa gani. Stella alikuwa nje kwenye maegesho, amevua viatu, anapunga upepo kwa kadi ya mwaliko. Aliniita kabla sijamfikia. "We si ndiye Oliva wa Kanali?" Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, nikaanza kueleza, nikaanza na kituo cha mafuta, nikarudi nyuma kwenye daftari la ubatizo, nikajichanganya. Akaniacha nimalize.

"Baba aliniambia atakwambia," akasema. "Kwa hiyo nilijua umejua."

Akatoa simu kwenye pochi. Alisema siku ile ya mazishi alirekodi nilipokuwa nasoma. Kwamba hakuwa anajua baba yake aliwahi kuwa mwalimu, wala jina la kijiji alikozaliwa, wala kwamba aliimba. Baba yake alikuwa anakuja na kula na kuondoka, hakuwa mtu wa kujisimulia. Yote aliyonayo kuhusu maisha ya baba yake ni ile karatasi yangu. Huwa anaisikiliza akiwa anakwenda kazini. Akabonyeza, na sauti yangu ikatoka, ya kijana, safi, haitetemeki: kijiji, shule, kambi, udiwani, Texas. Tulisimama tukiisikiliza, yeye akitazama magari yanayopita barabarani. Sauti ikafika kwenye ndoa, ikavuta pumzi, ikasema, "Marehemu ameacha mjane na—" na kidole gumba cha Stella, bila yeye kuangalia chini, kikateleza kwenye kioo cha simu umbali mdogo kinaoujua, sauti yangu ikaruka, ikaendelea na kwaya, sauti ya nne.